UZI: Muvi inanguruma lakini maneno hayasikiki. Tutafute sauti inapopotelea

Fundi Sikio

Wakuu salaam.

Lalamiko ni lilelile kila wiki: watu wakiongea kwenye muvi unapandisha sauti mpaka 40, gari likilipuka unarukia rimoti kabla jirani hajagonga ukuta. Wengi wakifika hapo safari ni Kariakoo, kutafuta sabufa kubwa zaidi. Sabufa kubwa inaongeza besi, na besi ndiyo inayoyafunika maneno. Umelipa hela ili tatizo likue.

Sauti inasafiri hivi: faili au king'amuzi, kisha TV, kisha waya, kisha risiva au ampli, kisha spika, mwisho chumba chenyewe. Maneno yanaweza kupotelea kituo chochote kati ya hivyo, na kila kituo kina dalili yake. Tuanze na visivyodai hela.

Kabla ya yote, mjue maneno yanakaa wapi. Muvi ya 5.1 ina njia sita za sauti: kushoto, katikati, kulia, mbili za kuzunguka, na ile ya .1 ambayo ni ya mngurumo tu. Maneno karibu yote yamewekwa njia ya katikati. Muziki, upepo, magari na mvua vimetandazwa kwingine. Njia ya katikati ikikatika, au ikitumwa kwenye spika ambayo hujaifunga, utasikia muvi nzima isipokuwa watu.

Jambo la pili ni hesabu. Kumbi za sinema husetiwa kwa kiwango cha desibeli 85 kwa kila spika ya mbele, na kilele kinaruhusiwa kufika 105. Njia ya .1 inafika 115. Netflix nao wanataka wastani wa maneno uwe -27 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, kilele chake ni sifuri), yaani juu ya maneno imeachwa nafasi kubwa kwa ajili ya milipuko. Sebuleni ukishusha sauti ili mlipuko usikere, maneno yanashuka nao, yanazama chini ya kelele za pangaboi. Hapo hakuna kifaa kibovu.

Jaribio la kwanza kwa kila mtu, dakika mbili tu: weka taarifa ya habari kupitia waya uleule na spika zilezile unazotumia kwa muvi. Msomaji habari yuko studio peke yake, hana muziki wala mabomu, na sauti yake iko sawa kushoto na kulia.

Akisikika vizuri na muvi haisikiki, tatizo liko kwenye setingi au kwenye muvi yenyewe. Naye akisikika kama yuko ndani ya pipa, acha setingi, nenda kwenye waya, spika na chumba.

Leteni dalili zenu. Taja unatumia nini na umeunganisha vipi. "Home yangu haitoi maneno" haitusaidii.

Kipepeo wa Tabata

Mkuu, sabufa ya 3.1, imeunganishwa na TV kwa waya wa pini ndogo ya hedifoni kwenda RCA nyekundu na nyeupe. Mechi ya Simba na Yanga kelele za mashabiki zinajaa chumba, mtangazaji yuko mbali kama anaongea kutoka chooni. Taarifa ya habari ndiyo kabisa, msomaji anasikika kwa mbaaali. Bluetooth ya simu iko safi.

Trebo Kali

Kaka Kipepeo, umemaliza kazi mwenyewe kwa kutaja Bluetooth. Spika zako nzima, ampli nzima. Ni waya au tundu la TV, na ninakuambia ni kipande gani: ardhi imekatika.

Iangalie pini hiyo ya milimita 3.5. Ina pete mbili nyeusi zinazoigawa sehemu tatu. Ncha ni kushoto, kipande cha katikati ni kulia, na sehemu ndefu ya nyuma ni ardhi, ambayo pande zote mbili zinaitumia kurudishia umeme. Ardhi ikiachia, kushoto na kulia vinabaki vimeunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, na kinachopita kwenye spika ni tofauti tu kati ya hivyo viwili. Kilicho sawa pande zote kinafutana. Sauti ya mtangazaji ni ileile kushoto na kulia, kwa hiyo inafutika. Mashabiki wanatofautiana upande na upande, kwa hiyo wanabaki, tena na mwangwi wa ajabu.

Fanya hivi:

1. Sukuma pini mpaka ilie "tik". Kava la simu au plastiki nene ya pini yenyewe mara nyingi inaizuia isifike mwisho, inabaki nje milimita 1 au 2. Hiyo inatosha kuleta balaa lote hili.

2. Ikiwa imeingia yote, chezesha waya karibu na shingo ya pini huku habari zinasomwa. Msomaji akirudi ghafla na kupotea tena, waya umekatikia hapo.

3. Mwenye mita aiweke kwenye mlio. Ncha moja kwenye sehemu ndefu ya pini, nyingine kwenye gamba la nje la RCA nyekundu, kisha nyeupe. Zote zilie, na ukipima omu isizidi 1. Isipolia hata moja, waya tupa.

4. Waya mpya nao ukileta yaleyale, tundu la TV limeachia risasi kwenye ardhi. Ni kazi ya kuchomea upya, fundi yeyote wa TV anaiweza.

Nyongeza kwa wote: dalili hiihii inaletwa na kitufe cha karaoke kilichoandikwa VOCAL CUT au VOCAL FADE. Nacho kinatoa kushoto kwenye kulia ili kumfuta mwimbaji. Mtoto akikibonyeza, kila muvi inakuwa bubu. Kiangalieni kwanza.

Kipepeo wa Tabata

Ilikuwa kava ya pini. Nimeikata kwa wembe, mtangazaji karudi. Nimeduwaa.

Ndala Nyeusi

Hizi sabufa 3.1 si zina spika ya katikati? Mbona haisaidii maneno?

Fundi Sikio

Nyingi ya hizo zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, nyekundu na nyeupe, na hazina kichambuzi cha Dolby (mfumo unaofunga njia zote za sauti kwenye kifurushi kimoja) ndani. Spika ya tatu inapewa kushoto na kulia vikiwa vimechanganywa. Inaongeza sauti, haitenganishi maneno. Hii si sababu ya kuitupa, ila usitegemee iwe ya katikati kama ya risiva. Kwenye mfumo wa aina hiyo TV iset itoe stereo, yaani PCM, ili kazi ya kuchanganya njia sita kuwa mbili ifanyike kabla sauti haijafika kwenye sabufa.

Na wenye DVD za zamani: kama umechomeka nyekundu na nyeupe peke yake lakini ndani ya menyu umeacha 5.1, njia ya katikati inatoka kwenye tundu la CEN ambalo halina waya. Ingia SETUP, tafuta DOWNMIX, weka STEREO. Hapo maneno yanagawiwa kwenye spika mbili ulizonazo.

Walio na vile viboksi vidogo vya kugeuza optiko (waya wa sauti wa mwanga) kuwa RCA: vingi vinaelewa PCM tu. TV ikituma Dolby utapata kimya au kelele za kukwaruza. Dawa ni hiyohiyo, PCM.

Binti Mzizima

Mimi nina risiva ya kweli ya Denon na spika tano pamoja na sabufa. TV inaleta sauti kwa HDMI ARC, yaani waya wa HDMI unaorudisha sauti kutoka TV kwenda risiva. Habari nasikia vizuri, muvi ndiyo shida. Nimeshaongeza trebo mpaka herufi "s" zinachoma masikio, bado.

Krosova

Dada, rudisha trebo sifuri. Kitasa cha trebo kwa kawaida kinanyanyua juu huko kuelekea 10 kHz, na unachokosa hakiko huko. Irabu zina nguvu nyingi na ziko chini, zinapita hata spika ikiwa mbovu. Konsonanti ndizo zinazotofautisha maneno, na hizo ni dhaifu, ziko kati ya 2 kHz na 8 kHz. Ukisikia "paka", "taka" na "kaka" kama neno moja, umepoteza eneo hilo, au besi ya 150 hadi 300 Hz imelifunika. Mara nyingi ni hilo la pili. Kwenye ikwalaiza punguza 250 Hz kwa desibeli 3 kwanza, usikilize. Kisha ndipo uongeze 2 hadi 4 kHz kwa desibeli 2, basi. Lakini hiyo ni ya mwisho. Kwako anza na haya.

Angalia kioo cha risiva wakati muvi ya 5.1 inacheza. Kikiandika Dolby Digital au Dolby Digital Plus, TV inapitisha njia zote. Kikiandika PCM au Stereo, TV imeshazichanganya kuwa mbili na spika yako ya katikati inapewa sauti ya kubahatisha. Nenda kwenye sauti ya TV, DIGITAL OUTPUT, weka BITSTREAM, PASS THROUGH au AUTO, ili kifurushi cha Dolby kipite bila kufunguliwa. ARC ya kawaida inabeba Dolby Digital na Dolby Digital Plus bila shida. Optiko inaishia Dolby Digital na DTS, mshindani wa Dolby.

Usihangaike na Clear Voice ya LG au Voice Zoom ya Sony ukiwa umeweka bitstream. TV haifungui kifurushi hicho, inakipitisha kilivyo, kwa hiyo setingi zake hazikigusi.

Kwenye risiva sasa. Spika ya katikati iwe SMALL, hata kama dukani waliisifia. Yenye inchi 4 au 5 ipe krosova (mpaka ambao chini yake besi inapelekwa kwenye sabufa) ya 80 au 100 Hz, ya inchi 3 ipe 120. Ukiiacha LARGE, inahangaika kutoa mngurumo, na koni inayorukaruka kwa besi haiwezi kutoa "t" iliyo safi.

Kisha washa TEST TONE, kaa unapokaa siku zote, shika simu yenye programu ya kupimia desibeli usawa wa sikio. Simu haiko sahihi kwa namba kamili lakini kulinganisha spika na spika inatosha. Zote zilete 75, halafu ya katikati ipandishe 2 au 3. Umbali nao upime kwa futikamba, usikisie: sentimita 34 za makosa ni kama milisekunde 1.

Denon ina vitu viwili vya Audyssey (mfumo wake wa kupima na kurekebisha sauti) vyenye majina yanayofanana lakini kazi tofauti. DYNAMIC VOLUME inashusha milipuko na kunyanyua minong'ono. Hiyo ndiyo unayoitaka, anza na LIGHT, usiku MEDIUM. DYNAMIC EQ inaongeza besi na spika za kuzunguka unaposikiliza kwa sauti ndogo. Kwenye chumba kidogo inafunika maneno. Izime, au kama unaipenda weka REFERENCE LEVEL OFFSET kwenye 10 au 15.

Wa Yamaha watafute DIALOGUE LEVEL na ADAPTIVE DRC. Saundi baa nyingi zina NIGHT na VOICE. Kazi ni ileile.

Mwenda Pole

Naunga mkono, ila wakuu msisahau kusema asiye na spika ya katikati afanye nini. Kwenye menyu ya risiva CENTER iwe NONE. Wengi hawajafunga spika lakini risiva inadhani ipo, maneno yanatumwa kwenye vituo viwili vya chuma ambavyo havina waya. Ukiweka NONE yanagawiwa kushoto na kulia. Na spika mbili nzuri bila ya katikati zinashinda mbili nzuri na kijispika cha katikati cha plastiki.

Krosova

Kweli, mradi msikilizaji akae katikati. Akikaa pembeni maneno yanahamia spika iliyo karibu naye.

Mzee wa Optiko

Spika yenyewe mmeiruka.

Madukani spika nyingi za katikati ni ndefu za kulala: koni mbili pembeni, twita (kispika cha sauti za juu) katikati. Kwa aliyekaa mbele yake hakuna shida. Aliyekaa pembeni, koni ya kulia iko karibu naye kuliko ya kushoto, sauti zinafika kwa nyakati tofauti na kufutana kwenye eneo la maneno. Ndiyo maana mtu wa kochi la pembeni analalamika na wewe husikii tatizo. Kama una nafasi, simamisha spika hiyo wima. Haipendezi machoni, lakini mfutano unahamia juu na chini ambako hakuna mtu.

Pili, kabati. Makabati ya TV yana kijumba cha chini, na spika inasukumwa mpaka ukutani ili vitambaa vipangwe mbele. Sauti inagonga ubao wa chini na kuta za kijumba kabla haijatoka, inakuwa nzito puani. Ivute mpaka uso wake utokeze sentimita 2 nje ya ukingo wa ubao.

Halafu iinamishe iangalie masikio. Chukua mfano wa kawaida: spika iko sentimita 45 kutoka sakafuni, masikio ya aliyekaa yako 100, kochi liko mita 2.5. Pembe ni nyuzi 12 hivi. Kwa spika yenye kina cha sentimita 20 unatakiwa kunyanyua mbele sentimita 4 na kidogo. Ndala kuukuu ndiyo dawa: kata vipande vya soli vya ukubwa wa kiberiti, gundisha vitatu vitatu, weka viwili chini ya ukingo wa mbele, kushoto na kulia. Soli ya ndala ina unene wa kama sentimita moja na nusu, tatu zinakufikisha hapo. Mpira huohuo unazuia kabati lisitetemeke.

Tatu, twita iliyokufa. Cheza sauti ya mvua au TEST TONE, chukua karatasi ukunje bomba, weka sikio upande mmoja na upande wa pili mbele ya twita. Usiposikia "shhh", imekufa au haipati umeme. Usiipime kutokea nyuma ya boksi, kwa sababu kuna kapasita njiani inayozuia kipimo kisifike kwenye twita, hata ikiwa nzima. Fungua skrubu, chomoa waya, pima twita yenyewe: ya omu 8 isome kati ya 5 na 7.

Ikisoma vizuri lakini haitoi sauti, au inatoa kwa unyonge, mshukiwa ni kapasita. Zile za elektroliti za bei ndogo zinakauka ndani na thamani inashuka. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya 4.7 mikrofaradi inaanza kupitisha sauti kwenye 4.2 kHz hivi. Ikishuka mpaka 1.5, mwanzo unahamia 13 kHz, na konsonanti nyingi zimebaki nje ya mlango. Nunua ya filamu, thamani ileile, volti 100 au zaidi. Usiweke kubwa zaidi kwa kudhani utapata zaidi. Twita itaungua.

Kwa walio Kigamboni na kandokando ya bahari: chumvi inashika vibano vya waya nyuma ya spika, vinakuwa vya kijani. Kata sentimita 2 za waya, menya upya, sugua vibano kwa msasa laini.

Ndala Nyeusi

Ndala kuukuu zimepata kazi 😂

Swali la nyongeza mzee: nitajuaje kama nimegeuza chanya na hasi ya spika moja?

Mzee wa Optiko

Betri ya AA ya volti 1.5. Chomoa waya wa spika kwenye ampli, gusa kidogo: chanya ya betri kwenye waya ulioutambua kuwa chanya, hasi kwenye hasi. Gusa na uachie, usishikilie. Koni ikiruka nje, sawa. Ikizama ndani, umegeuza. Fanya kwa zote, zote zitoke nje. Usiguse twita peke yake kwa betri.

Kushoto na kulia zikipingana, maneno ya stereo yanakonda na besi inakufa. Ni ndugu wa tatizo la Kipepeo, hatua nyingine tu ya njia.

Trei ya Mayai

Chumba changu kina mwangwi, marumaru chini, jipsamu juu, madirisha ya alumini. Nimekusanya trei za mayai nibandike ukutani.

Bi Mkeka

Zirudishe kwa muuza mayai, kaka. Trei ni karatasi nyembamba. Zinagusa kidogo sauti za juu kabisa, eneo la maneno zinaliacha lilivyo, na ukizibandika chumba kizima umejitengenezea kuni.

Ngoja tukipigie hesabu chumba cha namna yako. Mita 5 kwa 4, dari mita 3: ujazo ni mita za ujazo 60, na sakafu, dari na kuta jumla ni mita za mraba 94. Marumaru, plasta na jipsamu kwa wastani vinameza kama asilimia 5 ya sauti inayovigonga. 94 mara 0.05 ni 4.7. Kanuni ya Sabine inasema muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo, gawa kwa hiyo namba: 9.66 kwa 4.7, sekunde 2. Chumba kitupu. Silabi moja haijafa, sita zimeshampanda mgongoni.

Sasa weka vitu. Seti ya sofa za kitambaa, hesabu 5. Sofa za ngozi bandia hazifiki hapo. Zulia nene la mita 2 kwa 3 ni 1.8. Mapazia mazito yenye mikunjo, mita za mraba 8, ni 4. Jumla imefika 15.5, na mwangwi umeshuka hadi sekunde 0.62. Bado hujagusa ukuta. Zulia liwe kati ya spika na kochi. Chini ya meza ya kulia chakula halikusaidii.

Kutoka 0.62 kwenda 0.5 ndiyo unahitaji paneli. Fremu sita za mbao, sentimita 60 kwa 120, kina 7.5. Mafundi wa Keko wanazipiga haraka ukiwapa vipimo vilivyoandikwa. Ndani jaza pamba ya madini, ile ya kuzuia joto la paa, iliyoshindiliwa kuwa ubao. Ziache sentimita 5 kutoka ukutani, nafasi hiyo inaongeza umezaji wa sauti za chini bila gharama. Sita ni mita za mraba 4.3, zinaongeza 3.7 kwenye hesabu.

Kitambaa: kitenge au khanga. Weka mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti inapita. Kile chenye nta nyingi kifue kwanza.

Mahali pa kuzibandika: wewe kaa, mwenzako apitishe kioo ukutani. Ukiona spika ya katikati ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapodunda kuja kwako. Pande mbili hizo kwanza, kisha ukuta wa nyuma ya kochi.

Trei ya Mayai

Na sufi ya kawaida ya mito? Ipo ya kutosha nyumbani.

Bi Mkeka

Sufi inameza sauti vizuri. Shida yake ni moto, inashika upesi sana. Mimi siiweki karibu na soketi, mshumaa wala nyuma ya TV. Na ishonee mistari kama godoro, la sivyo baada ya miezi yote imeshuka chini na juu pamebaki kitambaa. Sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 7.5 au 10 inasaidia ikiwa hewa inapita ndani yake. Za sentimita 2 zenye vinundu ni pambo.

Mwenda Pole

Niongeze kelele. Ili maneno yaeleweke bila kukaza masikio yanatakiwa kuzidi kelele za chumba kwa desibeli 15 hivi. Pima kwa simu chumba kikiwa kimya, halafu washa pangaboi namba 5, halafu namba 2. Tofauti hiyo ni bure kabisa, inaweza kuzidi yote uliyohangaika nayo kwenye menyu. Madirisha ya vioo vya kupangua ya upande wa barabarani hayafungi sawasawa, pazia zito hapo linafanya kazi mbili.

Flashi 64

Wa kuangalia kwa laptop na flashi nao?

VLC: bonyeza Ctrl+E, fungua Compressor (kompresa, inayobana milipuko), weka tiki. Threshold -20 dB, Ratio 4, Attack 25, Release 300, Makeup gain 9. Sauti ikianza kupumua, kushuka na kupanda, ongeza Release. Inafanya kazi tu kama hujawasha kupitisha Dolby moja kwa moja.

Wa kuchomeka flashi kwenye TV hawana kompresa. Tengenezeni sauti mpya ya stereo yenye maneno mbele. Kazi hii ni ya programu ya ffmpeg. Kwanza tumia ffprobe, inayokuja nayo, kusoma mpangilio wa njia za sauti. Ikiandika 5.1(side):

`ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|FL<1.0*FC+0.5*FL+0.3*SL|FR<1.0*FC+0.5*FR+0.3*SR" -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv`

Ikiandika 5.1 tupu, badilisha SL na SR kuwa BL na BR. Kile kialama cha < msikigeuze kuwa =. Chenyewe kinashusha jumla isizidi 1; mkiweka = sauti inapasuka kwenye milipuko. Picha haiguswi, kwa hiyo ni dakika chache tu. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4.

Na TV ikionyesha picha bila sauti yoyote, huenda ni DTS. Samsung ziliacha kuisoma kuanzia 2018. Amri hiyohiyo inatibu.

Ndala Nyeusi

Muvi zilizotafsiriwa je? Kwenye risiva yangu mtafsiri anasikika kutoka spika zote tano, ananizunguka kichwani.

Krosova

Umeweka MULTI CH STEREO. Faili hizo ni stereo, mtafsiri yuko sawa kushoto na kulia. Weka DOLBY SURROUND, au PRO LOGIC II MOVIE kwa risiva za zamani. Risiva itakitambua kilicho sawa pande zote na kukipeleka spika ya katikati. Ila sauti halisi ya waigizaji nayo iko katikati chini ya mtafsiri. Zimeshachanganywa, hakuna kitufe cha kuzitenganisha.

Binti Mzizima

Ripoti: TV ilikuwa inatuma PCM. Nimeweka bitstream, krosova 100, Dynamic EQ nimezima, Dynamic Volume LIGHT. Tofauti kubwa. Swali moja la mwisho: kuongeza ya katikati 3, na kupunguza nyingine zote 3, si kitu kimoja?

Krosova

Kwa uwiano ni kimoja. Kwa ampli si kimoja. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili, na kama risiva yako tayari inasukuma spika ya omu 4 kwa sauti kubwa, ya katikati ndiyo itaanza kupasuka, tena kwenye maneno. Punguza nyingine, pamoja na sabufa, kisha pandisha sauti ya jumla kidogo tu; ukiongeza 3 nzima umerudi palepale. Na ukishamaliza usirudie kipimo cha Audyssey bila kuandika namba zako pembeni, kinazifuta zote.